Kabla hujanunua sola, hesabu betri kwanza

MSIMU wa mavuno ukiisha na mkulima akabaki na fedha kidogo mkononi, moja ya vitu anavyovifikiria siku hizi baada ya bati na ada za watoto ni sola. Ni wazo zuri. Tatizo ni kwamba wengi huingia dukani wakiulizia bei ya paneli, wakati paneli ndiyo sehemu yenye matatizo machache kuliko zote, na siku hizi si ghali kama zamani. Kinachoua mtambo wa sola wa nyumbani, na kumfanya mwenyewe arudi kwenye tochi baada ya mwaka mmoja na nusu huku akiapa kwamba sola ni utapeli, ni betri.

Bei zenyewe zinaeleza kwa nini hali imekuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 paneli iliuzwa kati ya dola 4 na 5 za Marekani kwa kila wati. Kufikia mwaka 2024, bei ya kiwandani huko China ilikuwa imeporomoka hadi kama senti 10 za dola kwa wati. Ukiongeza usafiri na faida za wafanyabiashara wa kati, bei ya Kariakoo au Mwanza inapanda, lakini bado paneli kubwa inayometa juu ya paa inaweza kuwa rahisi kuliko betri iliyowekwa chini ya meza. Muuzaji anayetaka kukuvutia atakuonyesha paneli. Akitaka kubana gharama, atabana kwenye betri, ambayo mnunuzi hana jicho la kuikagua.

Mgawo wa umeme ulioanza Septemba 2023 na kuendelea hadi miezi ya mwanzo ya 2024 uliwasukuma watu kununua vifaa hivi kwa pupa. Betri za risasi za wakati ule zimeshafikia umri wa kuchoka, na wenye nazo sasa wanapaswa kuamua kama watanunua nyingine ya aina ileile au la. Kwa hiyo suala hili haliwahusu wageni wa sola peke yao.

Nguzo iko wapi?

Kabla ya yote, jiulize nguzo ya Tanesco iko umbali gani na nyumba yako. Muuza sola hatakuuliza swali hili. Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha nyaya karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi imehamia kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Hata hivyo, kijiji kufikiwa si nyumba kufikiwa. Nguzo inaweza kuwa imesimama kwenye shule na ofisi ya kijiji, nawe uko kilomita 3 ng'ambo ya korongo.

Kama nguzo iko karibu, hesabu haidanganyi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), mteja wa nyumbani asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Nyumba ya kijijini yenye taa, televisheni na simu, ambayo tutaipigia hesabu hapa chini, hutumia kama uniti 16 kwa mwezi. Hiyo ni Sh1,600, na ukiweka kodi na tozo haifiki Sh2,000. Ada ya kuunganishwa kijijini chini ya miradi ya REA imekuwa Sh27,000 kwa miaka kadhaa. Gharama kubwa pale ni kutandaza nyaya ndani ya nyumba, kazi ambayo hata kwa sola ungeifanya. Hakuna mtambo wa sola wenye betri unaoweza kushindana na bei hiyo. Betri peke yake, ukigawanya bei yake kwa miezi itakayoishi, inakugharimu zaidi.

Mwenye duka hali yake ni tofauti kidogo. Yeye anaangukia kwenye kundi la Sh292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na umeme ukikatika saa 1 jioni, muda ambao wateja ndio wanakuja, anapoteza mauzo. Kwake sola ndogo ya taa na kuchaji simu ni bima. Aihesabu kama bima, yaani gharama ya kuzuia hasara, asidhani itamfutia bili ya Luku.

Wanaobaki ni wale ambao nguzo haijawafikia wala hawajui itafika lini, na hawa ni wengi. Kwao swali si kama wanunue, ila wanunue kiasi gani.

Andika kila kitu na saa zake

Chukua karatasi. Andika kila kifaa utakachotumia, wati zake na saa zitakazotumika kwa siku, kisha zidisha. Jibu ni wati-saa. Wati-saa 1,000 ndiyo uniti moja ileile ya Luku.

Tuchukue nyumba ya mkulima wa alizeti mkoani Singida. Ana taa 5 za LED za wati 7, zinawaka saa 5: jumla wati-saa 175. Televisheni ya inchi 32 inayokula wati 40, saa 5: 200. King'amuzi cha wati 12 kwa muda huohuo: 60. Simu 4, kila moja ikihitaji kama wati-saa 12: tuseme 50. Redio ya wati 5 kwa saa 8: 40. Jumla ni wati-saa 525 kwa siku.

Umeme mwingine unapotea njiani, kwenye nyaya, kwenye betri na kwenye inveta, hivyo ongeza asilimia 30. Tunafika karibu 680. Sasa gawanya kwa saa za jua kali. Jua linawaka saa 12, lakini asubuhi na jioni ni dhaifu. Ukilikusanya lote unapata kama saa 4 na nusu hadi 5 na nusu za nguvu kamili katika sehemu nyingi za nchi. Singida na Dodoma wako vizuri. Bukoba na Njombe kwenye mawingu na ukungu wahesabu saa 4 au pungufu. Tena hesabu ifuate miezi ya mawingu, si ya kiangazi, maana taa inahitajika hata wakati wa mvua. Kwa saa 4 na nusu, 680 inatupa wati 150. Paneli ya wati 200 inatosha na kubakisha akiba.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Sasa mama wa nyumba anasema, kwa haki kabisa, kwamba tukiwa na umeme tuweke na friji dogo, tuuze soda na barafu. Friji dogo la kawaida kwenye joto letu hula kama wati-saa 800 kwa siku. Lakini halitumii umeme wa betri moja kwa moja. Linahitaji inveta iwake usiku na mchana, na inveta yenyewe, hata ikiwa haina kazi, hula wati 10 hadi 20. Kwa wati 15, saa 24 ni wati-saa 360. Kwa hiyo friji limeleta 1,160, na jumla ya nyumba imefika karibu 1,700, zaidi ya mara 3 ya ile ya awali. Juu yake, mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, hivyo inveta ndogo itazima au kuungua. Hapa ndipo bajeti nyingi zinapovunjika: mtu ananunua mtambo wa taa na televisheni, kisha mwezi wa tatu anachomeka friji.

Pasi, jagi la kuchemshia maji na mashine za saluni za kukaushia nywele ni wati 1,000 hadi 2,000 kila kimoja. Visahau kwenye mtambo wa ukubwa huu. Mashine ya kunyolea haina shida, inakula wati chache tu.

Betri ya risasi au ya lithiamu

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ukiwa nayo ya risasi, ziwe za maji au za jeli, unaruhusiwa kutumia nusu tu, yaani 600. Ukiikamua hadi chini kila usiku haitamaliza miaka 2, na pengine hata mwaka. Mkulima wetu anatumia 525 usiku, pamoja na upotevu, kwa hiyo betri moja ya 100 inamtosha kwa usiku mmoja tu, bila akiba ya siku ya mawingu. Kwa usalama anahitaji 200. Mafundi wengi wangemfungia moja ya 100 au, vibaya zaidi, betri ya gari ya N70 kwa sababu ni rahisi. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache injini iwake, kisha ijazwe upya mara moja. Kuitumia kuwasha taa usiku kucha ni kuiua.

Betri za lithiamu, hasa zile za aina inayoandikwa LiFePO4, zinaruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi. Ile ya ampea-saa 100 inakupa zaidi ya wati-saa 1,000, karibu siku 2 za mkulima wetu, na ikiwa halisi huvumilia kujazwa na kutumiwa mara 2,000 au zaidi, wakati ya risasi mara nyingi huhesabika kwa mamia. Bei yake dukani inashtua. Lakini tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba betri 2 za risasi zinagharimu Sh600,000 na zinaishi miaka 2 na nusu, na moja ya lithiamu inagharimu Sh900,000 na inaishi miaka 8. Kwa miaka 8 hiyo za risasi utazinunua zaidi ya mara 3, na utakuwa umetoa zaidi ya Sh1,800,000. Weka bei za duka la kwenu mahali pa hizi na ufanye hesabu ileile. Matokeo yanaweza kubadilika kidogo, lakini mara chache yatageuka.

Kasoro ya lithiamu ni udanganyifu. Zipo zinazoundwa kwa seli kuukuu zilizotolewa kwenye kompyuta na vifaa vingine, zikavishwa boksi jipya. Hapa mkulima ana kifaa ambacho mtu wa mjini hana: mizani ya mazao. Betri halisi ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina uzito wa kilo 25 hadi 33. Ya lithiamu ya kiasi hichohicho ni kilo 10 hadi 13 hivi. Ukiletewa ya risasi iliyoandikwa 100 na mizani inasoma kilo 15, ndani hamna 100. Ya lithiamu yenye kilo 5 nayo irudishe ilikotoka.

Kwa wanaobaki na risasi, nunua kipima volti. Asubuhi kabla jua halijapata nguvu, vifaa vyote vikiwa vimezimwa kwa muda, betri iliyojaa husoma volti 12.7, iliyofika nusu husoma kama 12.2, na ikisoma 11.8 umeshaikausha. Familia inayojua kusoma namba hizo hujua lini izime televisheni mapema. Za maji ziongezwe maji ya betri, siyo asidi, na zisiwekwe chumba cha kulala, kwa kuwa zinapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Paneli kubwa, kontrola ndogo

Paneli nayo ina hila zake. Huko Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990 na tena katikati ya miaka ya 2000, watafiti walizipima paneli ndogo zilizokuwa sokoni na kukuta baadhi zikitoa umeme mdogo sana kuliko ulioandikwa mgongoni. Leo hila imekuwa kubandika lebo. Paneli iliyopimwa wati 150 inapewa karatasi ya 300.

Futi ya fundi seremala inatosha kuigundua. Pima urefu na upana kwa mita, zidisha. Hata paneli bora za siku hizi hazivuki wati 250 kwa mita moja ya mraba, nyingi ziko kati ya 180 na 220. Paneli ya mita 1.20 kwa 0.54 ina eneo la mita za mraba 0.65. Haiwezi kuwa wati 300, hata ingetengenezwa na nani.

Kosa jingine limekuja na kushuka kwa bei, na linawapata hata wasiodanganywa. Paneli kubwa zinazoletwa sasa, za wati 400 hadi 550, zimetengenezwa kwa mitambo mikubwa na hutoa volti 31 hadi 42. Mnunuzi anaipenda kwa bei yake, anaifunga kwenye betri ya volti 12 kwa kutumia kontrola ya bei ndogo ya aina ya PWM. Kontrola hiyo haiwezi kubadili volti, inaishusha paneli hadi ifanane na betri. Paneli ya wati 550 inatoa kama ampea 13. Zidisha kwa volti 13 za betri inayochaji na unapata wati 170 hivi. Zaidi ya theluthi mbili ya ulichonunua inaishia juu ya paa. Nyingine haivumilii volti hizo kabisa na huungua siku ya kwanza.

Dawa ni kontrola ya aina ya MPPT, ambayo hugeuza volti za ziada kuwa ampea, au kubaki na paneli zilizotengenezwa kwa betri ya volti 12, ambazo mgongoni huandikwa volti 18 hivi. Kabla ya kulipa, soma mgongoni mwa paneli namba ya Voc, kisha soma kwenye kontrola volti za juu inazokubali. Ya kontrola lazima iwe kubwa. Usitegemee herufi MPPT zilizochapwa juu ya boksi peke yake, maana zipo PWM zinazovishwa jina hilo. MPPT halisi huwa nzito kwa sababu ya shaba iliyomo ndani, na bei yake si ya kutupa. Na ukinunua betri ya lithiamu, hakikisha kontrola ina mpangilio wake.

Kuhusu kufunga, maneno ni machache. Tanzania iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini. Fundi anayekwambia kusini amesoma kitabu cha Ulaya. Mwanza, karibu na Ikweta, mwelekeo hauna tofauti kubwa, lakini Songea na Mtwara unaonekana. Ilale mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi, na iachiwe nafasi ya hewa kati yake na bati kwa sababu paneli ikipata joto kali hupunguza umeme. Tawi la mwembe likitupa kivuli kwenye kona moja linaweza kukunyima sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima.

Waya ndiyo wizi wa kimyakimya. Kwenye volti 12, waya wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 10 ukibeba ampea 10 unapoteza volti 2.3, yaani karibu moja ya tano ya umeme wote. Wa milimita 6 unapoteza chini ya 0.6. Fyuzi iwe jirani kabisa na betri, na fremu ya paneli iunganishwe ardhini, hasa kwa walio Kanda ya Ziwa na Mbeya ambako radi si mzaha. Mpe kazi fundi mwenye leseni ya EWURA au aliyepitia VETA, na umwombe akuonyeshe nyumba aliyofunga miaka 2 iliyopita. Za mwezi uliopita zote zinawaka.

Mkopo wa kulipa kidogo kidogo

Kampuni zinazokopesha sola na kulipwa kwa simu zimewasaidia wengi ambao wasingeweza kutoa fedha zote mara moja. Lakini zidisha kabla ya kusaini. Sh1,500 kwa siku inaonekana kama bei ya soda na andazi. Kwa miaka 3 ni Sh1,642,500. Linganisha na bei ya vifaa vilevile kwa fedha taslimu, tofauti ndiyo riba yako, hata kama mkataba haujaiita hivyo.

Kwa mkulima kuna tatizo la ziada. Fedha yake huja mara moja au mbili kwa mwaka, lakini mtambo unadai kila siku, na ukikosa kulipa unajifunga. Miezi ya njaa kabla ya mavuno ndiyo miezi ya mawingu, hivyo giza linaingia kwa milango miwili. Uliza kama kampuni inakubali ulipe kiasi kikubwa baada ya mavuno kifunike miezi ijayo. Uliza betri ikifa kabla deni halijaisha nani anaibadilisha, na deni likiisha kama mtambo utakubali betri ya duka lolote au ni ya kampuni hiyo tu.

Swali la mwisho la aina hii si la kubuni. Mobisol, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa na wateja Tanzania, Kenya na Rwanda, ilikwenda mahakamani mwaka 2019 kwa kushindwa madeni yake, na baadaye mwaka huohuo ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Dhamana ya miaka mingi inategemea kuwapo kwa aliyeitoa. Hata paneli yenye dhamana ya miaka 25 haina maana kama umeinunua kwa mtu aliyetandaza bidhaa siku ya mnada bila risiti. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa wati za paneli, ampea-saa za betri na aina ya kontrola, siyo "vifaa vya umeme" tu.

Kwa asiyetaka mkopo, njia iliyopo ni kununua kwa hatua. Mwaka wa kwanza nunua kontrola kubwa kuliko unavyohitaji, betri moja nzuri na paneli moja. Paneli ya pili ya aina ileile unaweza kuiongeza baada ya mavuno yajayo bila kubomoa kitu. Betri ya risasi ndiyo isiyokubali mtindo huo. Ukifunga mpya pamoja na kuukuu, kuukuu huivuta mpya chini, na baada ya miezi michache unakuwa na kuukuu mbili.